Kobe wa Betri, na Watoto Waliokatazwa Kuwagusa

Mwezi uliopita nilistaafu: nilirudisha funguo za darasa la sita, nikasaini, nikapewa doti mbili za kitenge na beseni kubwa, nikaenda nyumbani. Vijana wa ofisi ya walimu waliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi hii kwa sababu, walisema, nimeona mengi. Nimeona mengi, kweli. Yaliyo mazuri watawasimulia wengine. Mimi nitawaandikia lile ambalo mpaka leo likinijia nikiwa napepeta mchele huwa naweka ungo chini.

Nilianza kazi Chamwino, wakati chaki ilipokuwa ikigawiwa kama sukari. Siku ya kwanza niliingia darasani na vipande viwili vya chaki na watoto themanini na wawili. Wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya shuleni tu, nyumbani ni Kigogo mtindo mmoja. Nikawaeleza sehemu, nusu na robo, kwa Kiswahili safi nilichotoka nacho chuoni. Nilipouliza nani ameelewa, mikono yote ikapanda. Nilipouliza nusu ya kumi ni ngapi, mikono yote ikashuka. Mwalimu mkuu wa pale, mama mmoja mnene aliyekuwa hawezi kumaliza saa bila kunusa ugoro, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mtoto akinyoosha mkono ujue amekuogopa," aliniambia. "Mpe kitu akishike. Hapo ndipo utajua anajua nini."

Chuoni nilikaa miaka miwili sikuambiwa hilo.

Baadaye nilihamishiwa mjini Dodoma, shule moja ya msingi upande wa Chang'ombe, ambayo sitaitaja jina kwa sababu walimu wake wa leo hawana hatia. Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa redio za kaseti, saa za plastiki na kalkuleta zinazotumia mwanga. Mtoto alikuja shuleni na saa yenye vitufe vinne mkononi, daftari hana. Shule za kulipia zikaanza kuchipua, na wazazi wenye uwezo wakawaondoa watoto wao kwetu mmoja mmoja, mpaka tukabaki na wale wasio na pa kwenda.

Ndipo likaja boksi kutoka shule rafiki ya ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na roboti tatu, kila moja ukubwa wa sahani ya wali, mgongo wa mviringo, magurudumu yamejificha chini. Mgongoni palikuwa na mishale na tarakimu. Unabonyeza amri zako zote kwanza: mbele nne, kulia, mbele mbili. Mashine inazishika kichwani. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, inazitekeleza moja baada ya nyingine, bila kukuuliza. Haikuhitaji kompyuta wala umeme wa ukutani, ilikula betri kubwa za redio. Watoto waliochungulia dirishani walisema ni kobe, na jina likabaki hilo.

Nasema walichungulia dirishani kwa sababu hawakuruhusiwa kuingia. Mwalimu mkuu wetu aliwafungia kobe kwenye kabati la ofisini.

"Hii ni mali ya wafadhili," alisema. "Ikiharibika nitajibu mimi. Tusubiri mgeni rasmi azindue."

Tulimsubiri mgeni rasmi mihula mitatu. Wakaguzi walipokuja, kobe walitolewa, wakafutwa vumbi, wakawekewa betri ili taa zao ziwake, wakapangwa juu ya kitambaa cha kufuma. Wakaguzi wakawatazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaenda kunywa chai. Kobe wakarudi kabatini. Katika ripoti tuliandikiwa kwamba shule ina vifaa vya kisasa vya kufundishia. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amevigusa. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, na nawaambia wenzangu, hasira inaweza kumpata mtu akiwa amekaa kitako anakunywa chai.

Mkuu alipokwenda likizo, funguo zilibaki kwangu. Nikafungua kabati siku ya kwanza. Zile betri za siku ya ukaguzi hazikuwa zimetolewa. Zilikuwa zimetapika, na uchafu wake umekula vibati vya kupitishia umeme na springi za ndani. Mashine tatu, hazijawahi kutembea hatua moja, zimeharibika kwa kutunzwa.

Nikazifunga kwenye khanga nikazipeleka kwa Fundi Swalehe. Huyu alikuwa Mrangi wa Kolo, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anatengeneza redio katika fremu ndogo ya duka pale Chang'ombe. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka mzigo mezani. Hakuchukua bisibisi. Aliweka betri mpya, akabonyeza, akainamisha sikio.

"Mwalimu, kabla hujafungua kitu, kisikilize," alisema. "Mota ikilia bila kuzunguka, imekwama. Ikinyamaza kabisa, moto wa betri haufiki. Hawa wamenyamaza. Moto haufiki."

Kwa siku tatu, kila nikitoka shule, nilikaa kwenye kigoda chake nikisugua vibati kwa msasa mwembamba, mswaki wa zamani na spiriti. Springi zilizolika tukabadilisha kwa springi za tochi mbovu. Kobe wa tatu alikataa kabisa, akawa spea. Magurudumu yalikuwa ya plastiki laini, yametengenezwa kwa ajili ya zulia, kama kitabu cha maelekezo kilivyoonyesha mtoto anayecheka sebuleni. Sisi tulikuwa na saruji yenye nyufa na vumbi la Dodoma. Fundi akakata vipande vya tyubu ya baiskeli akavivisha magurudumu. Wale kobe wakashika ardhi.

Mkuu aliporudi alinikuta nimepiga magoti na watoto ishirini wamenizunguka.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna, Mkuu," nikamjibu, nikampa kile kibati kilicholiwa na betri akishike. Alikigeuza upande huu na huu, akatoka. Hakunipa ruhusa wala hakunikataza, na katika utumishi wa umma hiyo ni ruhusa.

Sasa, kwa wale mtakaopewa kazi hii, niwaambie jinsi tulivyoanza. Sikuanza na mashine. Nilichora miraba sakafuni kwa chaki, nikasimama katikati, nikawaambia watoto waniamuru nifike mlangoni. Mmoja akasema, "Nenda mlangoni." Nikasema sijui mlango ni nini. Mwingine akasema, "Nenda mbele." Nikaenda mbele mpaka nikagonga ukuta kwa paji la uso, nikaendelea kukanyaga palepale. Walicheka mpaka darasa la jirani likaja kutazama. Baada ya hapo hakuna aliyesahau kusema hatua ngapi. Kisha waliamuriana wawili wawili, kisha wakaandika mishale kwenye karatasi, na wiki ya tatu ndipo wakabonyeza vitufe.

Kosa lao kubwa lilikuwa kutofuta amri za zamani. Kobe alishika za jana na za leo, akazifuata zote, akaingia chini ya kabati. Tukatunga msemo: kobe hasahau mpaka umwambie asahau. Kosa langu mimi lilikuwa fimbo. Siku ya kwanza niliingia nayo kwa mazoea. Mtoto mmoja alipokosea, alinyoosha kiganja mwenyewe kabla sijasema neno. Nikatazama kile kiganja. Kosa lenyewe lilikuwa la kugeuka kushoto badala ya kulia. Fimbo niliiacha ofisini, na katika chumba kile haikurudi.

Wiki ya pili tangu waanze kubonyeza vitufe nikamgundua Tabu. Alikuwa darasa la sita, ametoka kijiji kimoja nyuma ya Chamwino kuja kukaa na shangazi yake aliyeuza maandazi. Kiswahili chake kilikuja polepole, na walimu kadhaa walikuwa wamekwisha kuandika kwenye fomu yake neno "mzito". Watoto wengine walikuwa wakimlaumu kobe mmoja kwamba ni mkaidi, kwa sababu akitumwa mbele anapinda kushoto. Tabu hakumlaumu. Alimfuata kwa magoti, akapima kwa vidole.

"Mwalimu," akasema, "kila hatua mbili anaacha njia vidole viwili."

"Tufanyeje?"

Akafikiri. "Tumwambie mbele mbili, kulia kidogo sana. Halafu arudie mara nne."

Kitufe cha kurudia nilikuwa sijakifundisha. Nilikuwa sijakielewa mwenyewe, kusema kweli, maana kitabu kilikuwa cha Kiingereza na mimi nilikisoma kwa kamusi. Yeye alikuwa amekibonyezabonyeza wakati wa mapumziko mpaka akajua kazi yake. Kobe akaenda, akapinda kidogo, akajirudisha, akapinda, akajirudisha, akafika ukutani palepale tulipotaka. Nilikaa chini sakafuni na sketi yangu ya Ijumaa.

Mwaka ule wafadhili walitangaza mashindano kwa shule sita za mjini zilizopata mashine kama zetu. Kila timu iwe na watoto wanne. Siku yenyewe watakuta ramani ya kijiji imechorwa kwenye turubai, hawajaiona kabla. Kobe atoke nyumbani, azunguke bwawa, asukume kopo la dawa mpaka zahanati, arudi nyumbani. Nusu saa ya kufanya kazi, walimu wakae nyuma ya kamba. Mwisho watoto waeleze mbele ya waamuzi walivyofanya. Karatasi ya kanuni ilikuwa ya ukurasa mmoja, nikaibandika ukutani. Nilichagua timu: Issa, ambaye alikuwa nahodha kwa sababu hakujua kunyamaza, watoto wawili wa darasa la saba wenye mikono mitulivu, na Tabu. Tulifanya mazoezi muhula mzima.

Siku nne kabla ya mashindano, afisa mmoja aliyepewa kusimamia shughuli hiyo alikuja shuleni. Sitamtaja. Alitazama watoto wakifanya kazi, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, kutakuwa na wageni. Huyu binti mdogo, Kiingereza anacho?"

"Ana Kigogo, na Kiswahili kinakua."

"Sasa ataelezaje? Muweke Doreen." Doreen alikuwa mtoto wa jamaa zake, ndiyo kwanza amehamia kwetu kutoka shule ya Kiingereza. Mtoto mwenye adabu. Kobe alikuwa hajawahi kumgusa.

Nikamwambia kwamba Tabu ndiye aliyetunga nusu ya mbinu zetu. Akatabasamu kama mtu anayesubiri mvua ikatike. "Basi awe msaidizi. Abebe begi. Mnataka shule ionekane vizuri au hamtaki?" Mkuu alikuwa pembeni anatazama viatu vyake.

Hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Ningeweza kukataa. Badala yake, mchana ule nilimwita Tabu nje ya darasa, nikamuuliza kwa sauti ile ya upole tunayoitumia tunapofanya jambo baya, kama angekubali kukaa nyuma, awe msaidizi, kwa faida ya timu.

Akatazama chini. "Ndiyo, mwalimu."

Nikajiambia amekubali.

Siku ya mashindano tulikwenda kwa miguu, kobe kwenye kikapu. Ukumbi ulipambwa kwa karatasi za rangi, wageni mstari wa mbele, afisa wetu amevaa tai. Mama mmoja wa makamo alikaa mezani na daftari anaandika majina. Alipofika kwa Doreen, Issa akasema, "Huyu si wa timu, mama. Wa timu ni yule pale mwenye begi."

Nikamwambia, "Issa, nyamaza."

"Mwalimu, tukianza bila Tabu kobe atapinda, na mimi sijui kumrudisha. Wewe mwenyewe ulisema tuseme ukweli tukiulizwa."

Afisa alikuwa ameanza kuja. Ndipo Doreen, ambaye watu wazima wote wa shughuli ile walikuwa wamesahau kwamba ni mtu, akamwambia yule mama kwa Kiswahili kisafi kabisa, "Mimi sijui hata kumwasha. Naomba nikabebe begi." Akaenda, akambadili Tabu kwenye benchi. Yule mama hakumwangalia afisa wala mimi. Alikata jina moja, akaandika jingine.

Watoto walikuwa wamefanya katika dakika mbili jambo ambalo mimi nilishindwa siku nne.

Kazi ilianza. Turubai lilikuwa na mikunjo, na kobe wa timu mbili walikwama kwenye mkunjo wa kwanza. Timu ya shule moja ya kulipia ilikuwa jirani yetu. Watoto wao wanne, soksi nyeupe, walisimama mikono nyuma, huku kijana mmoja mtu mzima, waliyemwita msaidizi wa kiufundi, amepiga magoti ndani ya kamba anabonyeza vitufe. Nilimwonyesha mwamuzi kwa kidole. Mwamuzi akatazama dari.

Wetu walipima turubai kwa vidole. Jaribio la kwanza kobe alilisukuma kopo likaanguka bwawani. Issa akaanza kulaumu. Tabu akamwambia, "Futa. Tuanze kwa Issa kuwa kobe." Wakamtembeza Issa mwenyewe kando ya turubai, hatua kwa hatua, anageuka wanapomwambia, na Tabu anaandika mishale. Baadhi ya wageni walicheka. Jaribio la pili kobe alitoka nyumbani, akazunguka bwawa, akajirudisha kila alipopinda, akasukuma kopo mpaka mlangoni pa zahanati, akageuka, akarudi nyumbani, akasimama. Kati ya timu sita, huyo ndiye kobe pekee aliyerudi nyumbani bila kuguswa na mkono wa mtu.

Kisha waamuzi wakauliza, kwa Kiingereza, kwa nini kobe hakupewa njia iliyonyooka. Doreen akawatafsiria swali kutoka benchini. Tabu akajibu kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja, na mahali Kiswahili kilipomwishia akaonyesha kwa vidole viwili sakafuni. Lilikuwa jibu bora kuliko yote niliyosikia darasani au nje ya darasa katika miaka yangu yote ya kazi. Walimwandikia sifuri. Sehemu ya maelezo, sifuri. Tukawa wa tatu. Wa kwanza wakawa wale wa soksi nyeupe.

Nilisimama na karatasi yangu ya kanuni.

"Naomba nionyeshwe hapa," nikasema, "ni mstari gani unaosema lugha. Na ni mstari gani unaomruhusu mtu mzima mwenye ndevu kuingia ndani ya kamba."

"Mwalimu, kaa," afisa akasema.

"Nitakaa nikijibiwa."

"Unatuaibisha mbele ya wageni."

"Wageni wamekuja kuona watoto wakifikiri. Wameona. Anayeaibika ni nani?"

Sikujibiwa, na sikukaa. Nilisimama mpaka zawadi zikaisha kugawiwa, na mgeni mmoja akanipiga picha, sijui kwa nini.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla mwezi haujaisha. Kwa mahitaji ya kiutumishi, ilisema, niende Kolo. Kobe walirudi kabatini, na safari hii funguo akabaki nazo Mkuu mwenyewe. Fundi Swalehe aliponiona na masanduku alisema kwao Kolo kuna asali nzuri na watu wasiosahau deni la wema, nisihuzunike. Kweli, watu wa Kolo walinipokea vizuri. Watalii walipita kwenda kuona michoro ya miambani, na mimi nikabaki na chaki yangu na sakafu, nikifundisha watoto wa wakulima kuamuriana hatua kwa hatua bila mashine yoyote. Nilikaa huko miaka tisa. Wapo waliofikiri ni adhabu.

Adhabu aliipata Tabu. Mwaka uliofuata alimaliza darasa la saba, na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, lake halikuwapo. Nafasi zilikuwa chache, mnajua, na fomu yake ilikuwa imeandikwa "mzito". Fundi Swalehe alimchukua akamkalisha kwenye kile kigoda nilichokalia mimi. Fundi alipozeeka akarudi kwao, fremu ikabaki kwa Tabu. Mpaka leo watu wanamletea redio, feni, simu, mpaka mashine za kupimia presha kutoka zahanati. Nikisimulia habari hii, kuna wanaoniambia, basi, mwalimu, mwisho ulikuwa mwema. Sikubali. Kuwa fundi ni kazi ya heshima kwa aliyeichagua. Yeye hakuulizwa. Mlango ulifungwa, akapita dirishani kwa nguvu zake mwenyewe, halafu sisi tuliofunga mlango tunapiga makofi.

Niliporudi mjini kutoka Kolo nilikwenda kumwona. Alisimama, akaniamkia shikamoo, akanipa kigoda, akaagiza soda. Shangazi yake alikuwapo, akaniamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, mara tatu kwa furaha. Tukazungumza ya watoto wake na ya bei ya vipuri. Kisha nikamuuliza jambo nililokuwa nalo moyoni miaka yote ile.

"Tabu, wale waamuzi. Yule afisa. Uliwakasirikia sana?"

Alikuwa ameshika waya na chuma cha kulehemu. Alimaliza kwanza kuunga, akapuliza, akaweka chini.

"Wale sikuwajua, mwalimu," alisema. "Mtu usiyemjua atakukosea nini? Nilikasirika siku ile uliyoniita nje ya darasa ukaniuliza kama nitakubali kukaa nyuma. Wewe nilikuwa nakujua."

Alisema bila ukali. Alisema kama anavyomweleza mteja redio yake ina ugonjwa gani.

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya shangazi yake na wateja wawili waliokuwa wakisubiri. Alisema yamekwisha, akanimiminia soda. Labda kwake yamekwisha. Ninyi mnaobaki darasani mtakutana na maafisa, na wageni, na kanuni zinazobadilika katikati ya mchezo. Wakasirikieni, ni haki yenu. Lakini siku mtakayomwita mtoto nje ya darasa kwa sauti ya upole kumwomba akubali kuonewa, mjue kwamba yeye atasema ndiyo, na kwamba atakumbuka ni nani aliyemuuliza.